Nimejiandaa miaka mitatu na bado sijauza kopo hata moja

Barua

Ndugu Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mama wa mtoto mmoja, ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na ninafanya kazi eneo la Posta katika ofisi ambako nimeajiriwa kama mhasibu msaidizi. Nakuandikia kwa sababu jambo ninaloliita kujiandaa limeanza kunitia mashaka, na sina tena uhakika kama kweli ndilo jina lake.

Kwa miaka mitatu sasa nina wazo la kutengeneza siagi ya karanga kwa ajili ya kuuza. Karanga hunitumia mama yangu kutoka Singida kwa basi, nami huenda kulipokea gunia stendi ya Mbezi. Huzichagua, huzikaanga, huzimenya na kuzisaga kwa blenda ya nyumbani, na kila mwezi hutengeneza makopo matano au sita ambayo huwagawia wenzangu wa ofisini na majirani. Wote huisifu, na wengine huniuliza ni lini nitaanza kuiuza.

Nilijiambia kwamba nitaanza nitakapokuwa tayari. Nilihudhuria mafunzo ya ujasiriamali mara mbili, na yale ya pili yalirudia ya kwanza. Nilimlipa kijana mmoja anayesanifu, akanichorea nembo tatu, na mpaka leo sijachagua hata moja. Niliandaa kwenye kompyuta jedwali la mapato na matumizi ambalo nimelirekebisha mara nyingi mno. Linaonyesha kwamba kilo 10 za karanga zitanipa makopo 20 ya nusu kilo, kwa gharama ya shilingi 72,000, na kwamba nikiuza kila kopo shilingi 5,000 nitapata faida ya shilingi 28,000. Sasa ninasubiri nifikishe shilingi milioni 8 ili ninunue mashine ya kusagia, nilipie fremu iliyoko barabarani ambayo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na nitengeneze matangazo. Akiba niliyonayo ni milioni 3 na laki 6. Wakati huohuo, dada mmoja wa mtaani kwetu alianza mwaka jana. Siagi yake ina sukari nyingi na makopo yake huvuja mafuta, lakini tayari yako kwenye maduka manne. Kila nikiyaona ninaumia moyoni, kisha ninarudi nyumbani kulirekebisha jedwali.

Ninachokiogopa nakifahamu. Ninaogopa siku nitakayotaja bei mbele ya mtu aliyezoea kupewa bure, akaniambia ni ghali. Hofu hii mwaka wa kwanza ilikuwa ndogo, na sasa imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Nimegundua pia kwamba tabia hii haiko kwenye biashara peke yake. Mitihani ya CPA, ile ya juu ya uhasibu, nimeiahirisha mara nne, kila mara kwa sababu sijamaliza kusoma. Na lipo jingine zito zaidi. Nilikuwa nimepanga kwenda kumwona baba yangu, lakini nilitaka kwanza nimalize kukusanya fedha za kumwezekea nyumba mabati mapya, ili nisifike mikono mitupu. Alifariki kabla sijaenda.

Kaka yangu mkubwa huniambia kwamba haraka haraka haina baraka. Rafiki yangu huniambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na ananishauri nikope zile milioni 4 na laki 4 zilizobaki ili nianze mara moja. Naomba unisaidie: je, nianze nikiwa sijakamilika, au nisubiri? Na nitajuaje kwamba sasa niko tayari?

Anayesubiri, Kimara

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza baba.

Nitaanza na hilo, kisha nitaliacha, kwa sababu sitaki kuufanya msiba wako kuwa funzo la biashara. Ulichelewa kwa sababu ulitaka kufika na kitu cha kumheshimu, na upendo wa namna hiyo si kosa la tabia. Wazazi wengi wa umri wake wanawafahamu watoto wao waliokuja mjini, wanajua kwamba kimya cha mtoto wakati mwingine ni aibu ya mikono mitupu, nao hawakitafsiri kama dharau. Usiuchukue msiba huu ukaufanya fimbo ya kujichapia ili uanze kuuza siagi. Zaidi ya hapo nitakuomba jambo moja linalomhusu mama, lakini nitalisema mahali pake.

Sasa tuje kwenye makopo. Umeniuliza kama uko tayari, nami nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta unachokosa. Una malighafi, una ujuzi wa kutengeneza, una akiba, una mshahara, na una watu wanaokuuliza utauza lini. Unachokosa ni taarifa moja tu, nayo ni kama mtu atatoa fedha mfukoni mwake kwa ajili ya kopo lako, na taarifa hiyo haimo kwenye jedwali, wala kwenye nembo, wala kwenye mafunzo ya tatu ambayo nahofia umeshayaona yakitangazwa mahali. Sifa unazopewa ofisini ni za kweli, sina shaka, lakini ni sifa za kitu cha bure, na mtu aliyepewa zawadi hana namna nyingine ya kujibu isipokuwa kushukuru. Kwa miaka mitatu umekuwa ukigawa kwa sababu kugawa kunakuepusha na lile swali unaloliogopa. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba hofu hiyo imekua. Laiti ingekuwa inapungua kila mwezi ningekuambia uendelee kusubiri, maana hatimaye ingeisha. Lakini inaongezeka kwa sababu kila mwezi unaopita unaifanya siku ya kwanza kuwa kubwa zaidi, mpaka kutaja bei ya kopo moja kumekuwa sawa na kuhukumiwa kwa miaka mitatu yote.

Hata hivyo sitakuambia uanze kesho bila kujali chochote, na hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki yako. Wewe hutengenezi vikapu. Unatengeneza chakula, na tena chakula cha karanga.

Karanga zisizokaushwa vizuri, au zilizohifadhiwa mahali penye unyevu, huota kuvu wanaotoa sumu tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na anayeila kidogo kidogo kwa muda mrefu huwa katika hatari ya kupata saratani ya ini. Kuikaanga karanga hupunguza sehemu tu ya sumu, hakuiondoi, na ukishaisaga huwezi tena kuitenganisha punje mbaya na nzuri, kwa kuwa zote zimekuwa kopo moja. Hivyo kazi yako ya kuchagua, ambayo katika barua umeipitia kwa neno moja, ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Ondoa kila punje iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu au yenye dalili ya ukungu, na usiione huruma hata kama ni za mama. Gunia usiliweke sakafuni jikoni. Liweke juu ya chaga, mbali na ukuta, hasa wakati wa masika ambapo nyumba zetu za Dar es Salaam hutota unyevu hata pasipovuja. Usiagize gunia zima ikiwa huwezi kulimaliza upesi.

Katika jambo hili kaka yako amesema kweli, na mimi nimeilipia kweli hiyo. Mwaka 2004 nilinunua vifaranga 300 nikiwa na shauku kubwa, nikasema chanjo nitaijua mbele ya safari. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, haisubiri mbele ya safari. Hutolewa kifaranga akiwa na siku chache tu na kurudiwa baadaye. Katika wiki ya tano waliobaki walikuwa 40. Niliumia kwa fedha zilizopotea, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba banda lile lilikuwa karibu na la jirani yangu mjane, na kuku wake nao walikufa. Tangu hapo kila ninapotaka kuanza jambo hujiuliza: nikikosea, nani ataumia? Nikiwa ni mimi peke yangu, na kwa kiasi ninachoweza kukibeba, huanza. Akiwa ni mtu mwingine asiyejua kwamba yumo kwenye majaribio yangu, husimama mpaka nijue ninachokifanya.

Lipitishe swali hilo kwenye orodha yako. Usalama wa karanga unamgusa mlaji, kwa hiyo huo ukamilishe kabla ya kuuza hata kijiko kimoja. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambao wana eneo lao Vingunguti, uwaulize kuhusu mafunzo ya usindikaji wa vyakula. Hayo ni tofauti na mafunzo uliyohudhuria, kwa kuwa utarudi ukiwa umejifunza namna ya kushika chakula. Omba pia wakueleze njia ya kufika TBS, shirika la viwango ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vyakula. TBS imekuwa na utaratibu wa kuwapunguzia au kuwaondolea gharama wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO katika hatua za mwanzo, basi uliza masharti yake yalivyo sasa, na uliza upimaji wa sumukuvu. Usipeleke kopo dukani kabla ya hapo. Namba ya mlipakodi huitoa TRA bila malipo, na jina la biashara huandikishwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Hayo ni mambo ya jioni mbili tatu, hayastahili miezi.

Nembo haimgusi mtu yeyote. Chagua ya kwanza. Fremu nayo haimgusi mteja wako, kwa maana mteja wako wa leo yuko ghorofa ileile unayofanyia kazi na katika nyumba zinazopakana na yako, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekufuata barabarani kununua kitu ambacho angeweza kukichukua mezani kwako. Ukilipa kodi ya miezi sita kabla ya kuuza, utakuwa umenunua miezi sita ya wasiwasi. Mashine pia inaweza kusubiri, kwa sababu mjini humu wapo watu wenye mashine za kusaga karanga wanaosaga kwa malipo. Hakikisha tu kwamba yule utakayemchagua huisafisha mbele yako.

Sasa nikualike kwenye jedwali, maana wewe ni mhasibu na hapa tutaelewana. Nimeikokotoa ile shilingi 72,000 kwa kukisia hivi: karanga kilo 10 kwa shilingi 4,500 ni 45,000, kusaga 5,000, nishati 4,000, na makopo 20 pamoja na lebo kwa shilingi 900 kila moja ni 18,000. Hesabu imekaa vizuri, lakini imechukulia kwamba kilo 10 zinazoingia ndizo kilo 10 zinazotoka. Ukizichagua kama nilivyokueleza, zikapoteza maji motoni, ukapeta ngozi, na nyingine ikabaki kwenye mashine, hutapata kilo 10. Tuchukulie utapata kilo 8; wewe zipime mwenyewe kwa mizani kila hatua. Kilo 8 ni makopo 16. Gharama zitashuka kidogo mpaka 68,400 kwa sababu umetumia makopo machache, lakini mauzo kwa shilingi 5,000 yatakuwa 80,000, na ile faida ya 28,000 itakuwa 11,600. Tena humo hujajilipa chochote kwa siku nzima ya kuchagua na kukaanga. Kosa hili limekaa ndani ya jedwali kwa miaka mitatu, likirekebishwa pembeni, na lisingeonekana hata ukilirekebisha miaka mingine mitatu, kwa sababu linaonekana kwenye mizani.

Kwa hiyo bei yako ni 6,000 au zaidi. Najua hapo ndipo moyo umeshtuka.

Fanya hivi. Ukishamaliza kujifunza kuhusu usalama wa karanga na kuridhika na gunia lako, tengeneza kilo 10, mara moja, katika siku ya Jumamosi. Pata makopo yako 16, au idadi yoyote itakayotoka. Mawili yaweke kando: moja kabatini, jingine mahali penye joto, uyafungue baada ya wiki nne uone kama mafuta yamepanda, kama kifuniko kimevuja, kama harufu imebadilika. Umemlaumu dada wa mtaani kwa makopo yanayovuja, lakini yako hujui kama yanavuja, kwa sababu makopo ya kugawa huliwa ndani ya wiki moja. Huyo dada, kwa sukari yake yote, anajua mambo kuhusu vifuniko, kuhusu maduka yanayochelewa kulipa na kuhusu rafu yenye jua ambayo wewe huyajui, na ningefurahi kama siku moja ungemsalimia na kumwuliza.

Yaliyobaki 14 yapeleke kwa watu walewale uliozoea kuwagawia, na useme maneno haya bila kuongeza wala kupunguza: “Mwezi huu nimeanza kuiuza, kopo ni shilingi elfu sita.” Kisha nyamaza. Usieleze gharama za karanga, usiombe radhi, usipunguze bei kabla hujaombwa. Baadhi watasema ni ghali. Mwulize kila anayesema hivyo kama angependa kopo dogo la robo kilo, na uandike jibu lake. Wapo watakaokasirika kwamba umeacha kuwapa bure, nao watakuwa wachache kuliko unavyodhani. Ukiyauza yote 14 utapata 84,000, utakuwa umerudisha gharama zote na kubakiwa na 15,600. Ukiuza sita tu, utakuwa umepoteza chini ya shilingi 33,000, kiasi ambacho nadhani ni kidogo kuliko ulichomlipa mchora nembo, na utakuwa na majina sita ya watu walionunua. Wanaokopa wasiwe zaidi ya wawili, na tarehe ya kulipa iandikwe mbele yao. Ofisini deni la kopo hugeuka haraka kuwa zawadi.

Kukopa milioni 4 na laki 4 sikushauri kabisa, na nasema hivi nikijua kwamba rafiki yako anakutakia mema. Mkopo unaoanza kulipwa kabla biashara haijaonyesha kwamba inauza huwa unalipwa na mshahara, na mshahara ukishindwa watu hukimbilia ile mikopo ya mitaani tunayoiita kausha damu, ambayo jina lake limewekwa na waliokaushwa. Akiba yako ya milioni 3 na laki 6 nayo usiiguse yote; tenga laki mbili, na mzunguko wa kwanza uishie humo.

Kazi usiache. Marehemu Reginald Mengi, ambaye naye alikuwa mhasibu, alianza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake akiwa bado ameajiriwa. Watu humtaja kwa utajiri alioupata baadaye; mimi namtaja kwa sababu ya mshahara ambao alikuwa bado anaupokea. Usome tu mkataba wako uone unasema nini kuhusu shughuli za pembeni, na makopo yasiuzwe saa za kazi.

Kuhusu CPA nitasema machache. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, hufanyika Mei na Novemba, na usajili una siku ya mwisho. Jisajili masomo mawili tu kwa awamu ijayo, ulipe ada, kisha ndipo usome. Umekuwa ukifanya kinyume, ukisubiri kumaliza kusoma ndipo ujisajili, na kusoma kusiko na tarehe huwa hakumaliziki. Ukishindwa somo moja utalirudia, na hapo hakuna atakayeumia zaidi yako.

Sasa lile la mama. Karanga nyingi hupata kuvu kabla hazijafika mjini, kwa sababu wakulima wengi hunyunyizia maji kwenye maganda ili yalainike na kubanguka kwa urahisi. Kwa hiyo biashara yako yote inaanzia kwenye mikono yake. Ungeweza kumpigia simu, lakini jambo la kubangua huonekana kwa macho. Ukipata siku tatu za likizo, panda treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha basi mpaka Singida, ukae naye uone anazikausha wapi, anazibangua vipi, na gunia analiweka juu ya nini. Usibebe mabati. Mpelekee kopo moja la siagi iliyotoka kwenye karanga zake, na kabla ya safari, leo jioni, mpigie umwulize swali moja: karanga za gunia linalokuja zimebanguliwa kavu au zimelowekwa?